Je, Wajua? Kamera ya 2006, Kamera ya 2018 na Mwanga wa Ziwa Nyasa

Je, wajua kwamba picha ndogo ya pasipoti, ile ya milimita 35 kwa 45 inayobandikwa kwenye fomu ya shule, inahitaji pikseli 413 kwa 531 tu ili ichapwe vizuri kwa nukta 300 kila inchi? Hiyo haifiki hata robo ya megapikseli moja. Nikon D40, iliyotoka Novemba 2006, ina megapikseli 6.1. Nikon D3500, iliyotangazwa Agosti 2018, ina 24.2. Kwa kazi hii inayomlisha mpiga picha wa kijijini mwaka mzima, kamera zote mbili zina uwezo wa kumwaga, na mteja hawezi kujua ipi imempiga.

Je, wajua kwa nini nazilinganisha hizi mbili? Ni za ukoo mmoja, na zilitengenezewa mnunuzi yuleyule: mtu anayeanza kazi kwa mtaji mdogo. D40 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 600 hivi pamoja na lenzi yake, D3500 kwa dola 500 hivi pamoja na yake. Kati yao kuna miaka 12. Na kwa kuwa Lipingo, kata ya Wilaya ya Nyasa ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbinga, ina jua kali, maji yanayong'aa na usiku wa giza nene, ni mahali pazuri pa kupima nini hasa kilibadilika katika miaka hiyo na nini kilibaki palepale.

Je, wajua maana ya ule mlio wa "kacha!" unaposikika? Ndani ya kamera ya DSLR kuna kioo kilicholala kwa mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia, kioo kinaupeleka juu hadi kwenye kitundu cha kuchungulia, kwa hiyo jicho lako linaona kile kile ambacho lenzi inaona. Ukibonyeza, kioo kinanyanyuka, shata inafunguka, mwanga unaanguka kwenye kihisi, kisha kila kitu kinarudi mahali pake. Katika hili D40 na D3500 hazina tofauti yoyote.

Je, wajua kwamba kamera ya kwanza ya kidijitali inayobebeka ilikuwa na uzito wa kilo 3.6? Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliiunda mwaka 1975. Ilikuwa na megapikseli 0.01, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Mwaka 1991 Kodak ikauza DCS, ambayo ilikuwa mwili wa Nikon F3 uliofungwa kihisi cha megapikseli 1.3, pamoja na kisanduku cha kuning'iniza begani chenye diski ya MB 200. Bei: kati ya dola 20,000 na 25,000. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilishusha bei hadi dola 5,500 hivi kwa megapikseli 2.7. Halafu Agosti 2003 Canon ikatoa EOS 300D, megapikseli 6.3, mwili wake ukiuzwa chini ya dola 1,000. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Bila 300D na zile zilizofuata, studio ndogo ya Mbinga mjini ingeendelea kwa miaka mingi zaidi kununua filamu na kuzipeleka mbali kusafishwa.

Je, wajua kwamba mwambao wa Lipingo uko mashariki mwa ziwa, na jambo hilo peke yake linapanga ratiba ya mpiga picha? Jua linachomoza upande wa milima na kuzama majini, upande wa Malawi. Ukitaka bibi harusi asimame na ziwa nyuma yake, mpige asubuhi, kwa sababu wakati huo jua linamwangaza usoni. Jioni mahali hapohapo jua linakuwa mgongoni mwake, uso unakuwa mweusi tii na maji yanaungua kuwa meupe. Ukitaka milima nyuma yake, geuza ratiba: mchana ukishapinda ndipo uso unapopata mwanga. Hakuna kamera, ya zamani wala mpya, inayoweza kubadili hilo.

Lakini harusi hazifuati jua. Misa inaisha saa sita au saa saba mchana, watu wanatoka kanisani, na picha zinatakiwa pale pale ufukweni.

Je, wajua kwamba saa hiyo, jua likiwa utosini, kamera ya 2006 inaishinda ya 2018? Hili ndilo lililonifanya nitake kuandika ukurasa huu, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Jua la utosini linatia vivuli chini ya paji la uso na chini ya pua, macho yanakuwa mashimo. Dawa yake ni flashi, si ya kumulika usiku, bali ya kujaza vivuli mchana. Tatizo ni kwamba flashi haifanyi kazi na kila kasi ya shata. Shata ina mapazia mawili, na flashi lazima ipige wakati kihisi chote kiko wazi. Kwenye D3500 kasi ya juu kabisa inayoruhusu hivyo ni sekunde 1/200. Kwenye D40 ni 1/500, kwa sababu kihisi chake cha aina ya CCD kinaweza kujifungua na kujifunga chenyewe kwa umeme bila kusubiri mapazia.

Sasa weka nguvu ya flashi yenyewe. Flashi iliyojengwa ndani ya D40 ina namba ya nguvu 12 kwa mita katika ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuitikia mwanga), yaani 17 katika ISO 200, ambayo ndiyo ISO ya chini kabisa ya kamera hiyo. Ya D3500 ni 7 katika ISO 100. Nikon iliipunguza kuanzia D3400 ya mwaka 2016. Kwa jua kali la mchana, D40 itataka tundu la lenzi la f/10 hivi kwa 1/500, na 17 ukigawa kwa 10 unapata umbali ambao flashi inafika, mita 1.7. D3500 itataka f/11 kwa 1/200, na 7 ukigawa kwa 11 unapata sentimita 64. Kwa mita 1.7 unaweza kuwapiga bwana na bibi harusi kuanzia kifuani kwenda juu. Kwa sentimita 64 unapiga pua. Mwenye D3500 atalazimika kununua flashi ya juu, ile inayochomekwa kwenye reli ya kamera, na gharama hiyo aiingize kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Kuhusu flashi ya juu, tahadhari moja kwa anayefikiria Canon: EOS 250D ya mwaka 2019 haina ile pini ya katikati kwenye reli yake, kwa hiyo flashi nyingi za bei nafuu hazipigi kabisa zikichomekwa pale.

Je, wajua kwamba kipima mwanga cha D40 na cha D3500 vyote vina pikseli 420? Miaka 12, na sehemu hiyo haikuongezwa hata pikseli moja. Ni muhimu kwetu, kwa sababu kipima mwanga hakijui kwamba kinaangalia uso. Kinaona jumla ya mwanga na kutafuta wastani wa kijivu. Mweke mzee mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya maji yanayometa, kipima mwanga kitaona weupe mwingi, kitapunguza mwanga, na uso wa mzee utazama gizani. Kosa ni la hesabu. Ngozi ya mtu haina kosa lolote, na mpiga picha asikubali kamwe kumwambia mteja kwamba "huwa hatoki vizuri". Kwenye kamera zote mbili kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: sogeza hadi +0.7 au +1, angalia uso kwenye skrini, piga tena. Au tumia kipimo cha nukta moja na ukielekeze kwenye shavu.

Je, wajua kwamba enzi za filamu tatizo lilikuwa baya zaidi? Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi zao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zilijulikana kwa jina la "Shirley". Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika jinsi Kodak ilivyosukumwa kuboresha filamu zake kwa rangi za kahawia pale watangazaji wa samani za mbao na wa chokoleti walipolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Mbao na chokoleti zilisikilizwa kabla ya watu. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu albamu za wazazi wetu zimejaa nyuso zilizofichwa na uamuzi uliofanywa mbali sana na hapa.

Kihisi cha kidijitali hakina kadi ya Shirley ndani yake, na hapa ndipo D3500 inapoipita D40 kwa mbali. Ukipiga kwa faili ghafi, ile iitwayo NEF, uso uliotoka gizani kwenye D3500 unaweza kuinuliwa baadaye kwenye kompyuta na ukatoka na rangi yake, bila chembechembe nyingi. Kwenye D40 ukiinua kiasi hichohicho, kivuli kinatoka na madoa ya rangi.

Je, wajua kwamba pikseli moja ya D40 ina eneo mara nne ya pikseli moja ya D3500? Vihisi vyao vina ukubwa karibu sawa, milimita 23.7 kwa 15.6 na 23.5 kwa 15.6, lakini kimoja kimegawanywa mara milioni 6 na kingine milioni 24. Kwa hesabu ya kawaida ungetegemea pikseli kubwa ishinde gizani, na haishindi. CCD, iliyobuniwa na Willard Boyle na George Smith mwaka 1969 na kuwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, husafirisha chaji ya umeme kutoka pikseli hadi pikseli mpaka kwenye njia ya kutokea, ndipo inaposomwa. CMOS, aina iliyomo ndani ya D3500, ina kikuza umeme ndani ya kila pikseli. Eric Fossum na wenzake waliiendeleza huko NASA katika miaka ya 1990. Umeme unakuzwa pale pale ulipozaliwa, kelele za njiani zinapungua.

Je, wajua nani anafaidika na hilo Lipingo? Anayetaka kupiga picha za wavuvi wa usipa. Wanatoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu taa zao ndizo zinazowavuta dagaa wale, na mbalamwezi huharibu kazi. Kwa hiyo mpiga picha naye hana mwanga mwingine ila karabai au taa za sola zilizofungwa mtumbwini. D40 inaishia ISO 1600, na 3200 kwa kulazimisha. D3500 inafika 25,600. Kutoka 1600 hadi 25,600 ni mara 16: picha iliyohitaji nusu sekunde inapigwa kwa sekunde 1/32. Nusu sekunde mtumbwini maana yake kila kitu kimetikisika, sura ya mvuvi imekuwa mchirizi. Kwa 1/32, akitulia kidogo akikung'uta wavu, unampata. Ni kweli kwamba 25,600 ina chembechembe nyingi, na mimi ningeishia 6400 kwa picha ya kuuza, lakini hata hiyo ni mara nne ya kile ambacho D40 inaweza kwa raha.

Je, wajua kwamba lenzi ya bei ndogo inaweza kufuta karibu tofauti hiyo yote? Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ya 18-55, ikivutwa hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu. Lenzi ya AF-S 50mm f/1.8G ya mwaka 2011 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. D40 yenye lenzi hii katika ISO 1600 inapata mwanga uleule ambao D3500 yenye lenzi yake ya kawaida ingeutafuta kwa ISO 16,000 hivi. Kwa hiyo kijana mwenye D40 iliyo nzima na fedha kidogo mfukoni, akiniuliza anunue mwili mpya au lenzi, nitamwambia lenzi, na nitalirudia hilo mara mbili.

Ila aangalie herufi.

Je, wajua kwamba lenzi za Nikon zinazoanza na AF-P hazifokasi kabisa kwenye D40, hata kwa mkono? Zinafokasi kwa mota ya umeme inayoamriwa na kamera, na D40 haijui kuitoa amri hiyo. Lenzi ya kawaida ya D3500 ni AF-P, kwa hiyo usiinunue Kariakoo ukidhani utaifunga kwenye D40. Upande wa pili, lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D, zinazotegemea mota ndani ya mwili wa kamera, hazifokasi zenyewe kwenye D40 wala kwenye D3500, kwa kuwa zote mbili hazina mota hiyo. Utazungusha kwa mkono. Inayofokasi yenyewe kwenye zote mbili ni AF-S. Mlango wenyewe wa lenzi, ule unaoitwa F, Nikon imeutumia tangu 1959.

Je, wajua kwamba megapikseli 24 zinaweza kukusogeza karibu na mtumbwi ulio mbali? Picha ya D3500 ina pikseli 6000 kwa 4000. Kata nusu ya upana na nusu ya kimo, unabaki na 3000 kwa 2000, ambazo ni megapikseli 6, sawasawa na picha nzima ya D40. Yaani lenzi ya milimita 55 imefanya kazi ya 110 bila kununua kitu. Pa kujaribia ni Liuli, kwenye lile jiwe lililowafanya Wajerumani waite bandari hiyo Sphinxhafen kwa kufanana kwake na Sfinksi ya Misri. Hapo ndipo Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliposhambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann. Ukilipiga jiwe hilo kutoka mbali kwa kamera zote mbili, kisha ukakata, D3500 itakuonyesha nyufa. D40 itakuonyesha umbo.

Kwa uchapaji tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji megapikseli 2.2. A4 nzima kutoka D40 inatoka kwa nukta 240 hivi kila inchi, na ukiitundika ukutani hakuna atakayelalamika.

Je, wajua kwamba WhatsApp, kwa namna ya kawaida ya kutuma picha, huishusha hadi pikseli 1600 hivi upande mrefu? Hapo 6 na 24 zinakuwa kitu kimoja. Na D3500, ambayo haina Wi-Fi bali Bluetooth tu, inapopeleka picha yenyewe kwenye simu inatuma nakala ya megapikseli 2.

Je, wajua tofauti ambayo mwenye nyumba isiyo na umeme wa gridi ataiona kwanza? Betri. Kwa kipimo rasmi cha watengenezaji wa Japani, D40 inapiga picha 470 hivi kwa chaji moja, D3500 inapiga 1,550. Harusi ya siku mbili inaisha bila kutafuta soketi wala kusubiri jua lijaze sola. Betri ya D40, EN-EL9, imeshaacha kutengenezwa na Nikon. Zinazouzwa sasa nyingi ni za viwanda vingine, na ubora wake hutofautiana sana. Uzito nao umepungua: mwili wa D40 bila betri ni gramu 475, wa D3500 ni 365.

Je, wajua kwamba D40 haipigi video hata sekunde moja? Haina pia uwezo wa kuonyesha taswira kwenye skrini kabla ya kupiga, lazima uchungulie. DSLR ya kwanza kurekodi video ilikuwa Nikon D90, Agosti 2008, na ilikomea dakika 5 kwa kipande. Wiki chache baadaye Canon ikatangaza 5D Mark II yenye video kamili ya 1080, na kazi ya shutingi ikabadilika duniani kote. D3500 inarekodi 1080 kwa fremu 60 kila sekunde. Kwa mtu anayeuza huduma ya harusi leo, hili pekee linamaliza mjadala: mteja anataka picha za mnato na video, na D40 inampa nusu. Lakini D3500 haina tundu la kuchomeka maiki ya nje, wakati D3300 iliyotangulia ilikuwa nalo. Upepo wa ziwa utaingia kwenye sauti yote. Rekodi hotuba kwa simu iliyowekwa karibu na msemaji, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, kisha linganisha makofi hayo kwenye kompyuta.

Je, wajua kwamba safari ya kutoka Mbinga kwenda ziwani inaweza kuharibu kamera bila kudondoka? Mbinga iko juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai huko Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, kuna baridi ya kweli. Uso wa ziwa uko mita 474 hivi, na hewa yake ni ya joto na unyevu. Kamera iliyolala kwenye baridi ikitolewa ghafla ufukweni, matone ya maji yanajitokeza juu ya lenzi kama kwenye chupa ya soda, na mengine yanaingia ndani. D40 na D3500 zote hazina mipira ya kuzuia maji. Ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla hujashuka, iache humo mpaka ipate joto la mahali ulipo, ndipo uifungue. Na ukiwa bado huko juu mapema asubuhi, piga mashamba ya ngoro, yale yenye mashimo mteremkoni: jua likiwa chini, kila shimo linatoa kivuli chake, na mteremko mzima unasomeka. Saa sita mchana mashamba hayohayo yanaonekana kama uwanja mtupu.

Unyevu wa ziwani unaleta na kuvu ndani ya lenzi, zile nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Lenzi ya 2006 imekuwa na muda mrefu zaidi wa kushikwa nazo. Imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba kuna samaki wanaofugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani wakiitwa "Hongi", kwa jina la kisiwa kilicho karibu na Liuli? Ni wa kundi la mbuna, wale samaki wadogo wa miambani. Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi za kundi la sikilidi, nyingi hazipatikani penginepo duniani, na rangi zao hubadilika kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Samaki akishatolewa majini rangi hufifia haraka, kwa hiyo picha ya akiwa hai ina thamani ya kisayansi. Kutoka mtumbwini, kinachoondoa mng'aro wa juu ya maji ni kichujio cha polaraizi, nacho hakijali umri wa kamera. Cha kuangalia ni kipenyo: lenzi ya kawaida ya D40 inataka cha milimita 52, ya D3500 inataka cha 55.

Je, wajua kwamba D40 haisomi kadi za SDXC? Inaishia SDHC, yaani GB 32. Kwake hizo ni nyingi mno, kwa kuwa picha yake nzuri ya JPEG ina MB 3 hivi, wakati ya D3500 inafika MB 12. Canon 350D na 400D za miaka ileile zilitumia kadi pana za CF, zenye matundu 50. Ukiisukuma kadi vibaya, pini ndani ya kamera inapinda, na fundi wa pini hizo ni adimu.

Je, wajua kwamba hata D3500 sasa ni kamera ya zamani? Sony iliacha kuuza DSLR mwaka 2021. Mwishoni mwa mwaka huohuo mkuu wa Canon alisema EOS-1D X Mark III, ya Januari 2020, itakuwa ya mwisho ya daraja lake la juu. Nikon haijatoa DSLR mpya tangu D6 na D780 za 2020. Viwanda vimehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Kwa mnunuzi wa mtumba hii ni habari njema kwa miaka kadhaa: wenye fedha wanauza miili na lenzi zilizo nzima ili wahame, na bei zinashuka.

Je, wajua kwamba unaweza kuikagua kamera iliyoko Kariakoo ukiwa umekaa Lipingo? Mwambie muuzaji apige picha mbili. Ya kwanza, mbingu tupu kwa tundu la f/22: vumbi lililo juu ya kihisi litaonekana kama madoa ya kijivu, na hilo ni muhimu kwa sababu D40 na D3500 zote hazina mtambo wa kujikung'uta, ambao Olympus E-1 ilikuwa nao tangu 2003. Ya pili, lenzi ikiwa imefunikwa na kifuniko chake: pikseli zilizokwama zitang'aa kwenye weusi. Mwambie akutumie kwa WhatsApp kama faili la hati, asitume kama picha, kwa sababu ikitumwa kama picha maelezo yaliyofichwa ndani yake yanafutwa. Kamera za Nikon huandika ndani ya kila picha idadi ya mara ambazo shata imefunguka tangu ilipotoka kiwandani, na kuna programu za bure za kuisoma namba hiyo. Nikon iliipima shata ya D90 kwa mizunguko 100,000. Kwa miili hii midogo, D40 na D3500, usitegemee zaidi ya hapo: namba ikiwa 12,000, zungumza bei. Ikiwa 90,000, mwache muuzaji abaki na kamera yake.